Waya wa baharini ukikatika tena, maji Unguja tutayapata wapi?

Mtoa mada, Kwahani

Waungwana, mjadala huu umeanzia nyumbani kwangu. Juzi umeme ulikatika adhuhuri, na hadi magharibi bomba likawa limekauka. Mwanangu wa miaka 15 akaniuliza kama hali hii iliwahi kuzidi siku moja. Nikamwambia iliwahi kufika miezi mitatu. Hakuniamini.

Kwa waliokuwa wadogo wakati ule: usiku wa tarehe 21 Mei 2008 Unguja nzima ilizimika, na umeme haukurudi hadi Juni, karibu mwezi mzima. Tukasema yamepita. Tarehe 10 Disemba 2009 ukazimika tena, safari hii hadi Machi 2010. Sherehe za Mapinduzi zilitukuta gizani, na joto lote la kaskazi tulilala vibarazani. Kisiwa kizima kilikuwa kinaning'inia kwenye waya mmoja wa megawati 45, uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kule bara upande wa Dar es Salaam, hadi Fumba hapa Unguja, karibu miaka 30 nyuma.

Giza tulilizoea ndani ya wiki moja. Vibatari na mishumaa vilirudi, watoto wakarudi kusikiliza hadithi. Kilichotutoa roho ni maji. Enzi za Sayyid Barghash maji ya mjini yalitoka chemchemi za shamba kwa mfereji, yakishuka yenyewe. Siku hizi sehemu kubwa ya maji tunayokunywa yanavutwa na mota kutoka visimani, na mota bila ya umeme ni chuma tu. Marehemu mama yangu alikuwa akiamka saa tisa usiku kwenda kupanga ndoo penye kisima cha mtu mwenye jenereta. Akifika anakuta foleni imeshazunguka nyumba.

Hoja yangu ni hii: mpango wa dharura wa shirika la umeme uanze na visima vya maji, kabla ya taa za barabarani, kabla ya maofisi, hata kabla ya majumba yetu. Kila kisima kinacholisha mtaa mkubwa kiwe na umeme wake, wa jua au wa jenereta, na tangi kubwa juu. Na kila mwaka itangazwe siku moja ya kuzima umeme wa mtaa kwa makusudi, tuone kama maji yanatoka. Gharama tukatwe kidogo kidogo tunaponunua tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla. Mimi niko tayari. Nyinyi je?

Mtu wa Hesabu

Ndugu yangu, nakuheshimu, na mwaka ule wa 2010 nami nilibeba madumu. Lakini sikubaliani nawe. Mashine inayosubiri janga inakula fedha kila siku: betri, mafuta, mlinzi, fundi. Dizeli ikikaa muda mrefu tangini inaharibika. Zidisha hayo kwa kila kisima. Halafu bado unataka kumuongezea bei ya umeme mama anayekaanga mihogo?

Hali yenyewe si ile tena. Tangu 2013 tuna waya mpya wa megawati 100, zaidi ya mara mbili ya ule wa zamani. Baada ya janga la pili zikaja pia jenereta za dizeli pale Mtoni, megawati 25. Kama kuna fedha, ziwekwe kwenye waya mwingine na kwenye sola kubwa zitakazoingiza umeme kwenye gridi kila siku. Hizo zinarudisha gharama zake.

Fundi wa Laini

Niruhusuni niseme kama mtu aliyechafua mikono na kazi hii.

Waya mwingine ni jambo jema, siupingi. Lakini hata tukiwa na nyaya tano, zote zinanyonya gridi moja ya bara. Bara ikizimika, tano zote ni shaba iliyolala mchangani. Na ukitaka kujua waya wa baharini unakufa wapi, usiangalie katikati ya bahari pekee. Mwaka 2009 hitilafu ilikuwa Fumba, pale waya unapopanda nchi kavu na kuungwa. Kiungo kile si kitu cha kununua sokoni Darajani. Vifaa na wataalamu wakasubiriwa kutoka nje, na sisi tukakaa miezi mitatu. Kwa hiyo maandalizi ya kwanza ningeyaweka hapo: vifaa vya kuungia vikae ghalani hapahapa kisiwani, na vijana wetu wafundishwe kuunga mpaka wawe na vyeti. Sioni kwa nini jambo hilo liwe na ubishi.

Sasa hiyo sola kubwa ya gridi. Mtu wa Hesabu, wengi hawalijui hili: sola iliyofungwa kufuata gridi hujizima yenyewe gridi ikizimika. Imetengenezwa hivyo kwa makusudi, isije ikamuua fundi aliye juu ya nguzo akidhani laini haina moto. Unaweza kuwa na uwanja mzima wa paneli, jua linawaka, na mtaa uko gizani. Isipokuwa uweke betri na mitambo inayoweza kuanzisha laini peke yake, na hapo hesabu yako inabadilika sana.

Sola ya kisimani ni nyengine. Inaendesha mota moja, haiulizi gridi. Wala hailazimiki kuwa na betri, kwa sababu maji yaliyokwishapanda tangini ndiyo akiba yenyewe. Mchana unapandisha, usiku yanashuka kwa uzito wake. Kwa hapo mtoa mada nakuunga mkono, ingawa siku ya masika mawingu yatakupunguzia, ndiyo maana tangi liwe kubwa.

Mpemba wa Wete

Kila mjadala wa umeme mnasema "Zanzibar" mkimaanisha Unguja. Waya wetu hautokei Fumba, unatoka upande wa Tanga, umefika 2010, megawati 20. Kabla ya hapo tuliishi na mashine za dizeli pale Wesha, na mgao tuliujua nyinyi mkiwa bado mnalala na feni. Mnapotayarisha orodha ya visima, ya Pemba iwekwe siku ileile, si "awamu ya pili". Hiyo awamu ya pili tunaijua.

Muuguzi wa Shamba

Nimesoma yote. Nitawaeleza lililonipata kwenye kituo kimoja, sitakitaja.

Tulikuwa na jenereta nzuri, imeletwa na wafadhili, imejengewa na banda lake. Usiku mmoja umeme ulikatika mama yuko juu ya kitanda, mtoto kichwa kishaonekana. Nikamtuma mlinzi akawashe. Banda limefungwa, ufunguo anao karani, na karani yuko harusini Mkokotoni. Tulipovunja kufuli, betri ikawa imekufa, haijawashwa tangu siku ya kukabidhiwa. Yule mama nilimzalisha kwa tochi ya simu aliyoishika mkwewe, mikono inamtetemeka. Alhamdulillahi mtoto yu hai. Lakini maji ya kunawa yalikuwa ndoo moja, na bombani hakuna tone.

Tangu usiku ule, mtu akiniambia "tuna jenereta" namuuliza: mara ya mwisho iliwaka lini, na nani ana ufunguo? Wala si sisi wa shamba peke yetu. Agosti 2023 Kenya ilipozimika karibu nchi nzima, sehemu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilibaki gizani kwa sababu jenereta ya akiba haikuwaka. Uwanja mkubwa kuliko wote kule!

Kwa hiyo katika yote aliyosema mtoa mada, mimi nashikilia ile siku ya kuzima makusudi. Hata msiponunua chochote kipya, hiyo ifanyeni.

Mtu wa Hesabu

Dada yangu, hapo umenishinda, na nasema wazi. Kujaribu kilichopo ni gharama ndogo na nilikosea kutokukitaja. Sola ya kisimani nayo nimeielewa, mradi iendeshe mota kila siku na kupunguza bili ya umeme ya maji, si isubiri janga.

Lakini kwenye tukuza siondoki nilipo. Mwenye kisima chake na jenereta yake hapati shida ya maji, waya ukatike usikatike. Anayenunua umeme wa shilingi elfu moja moja ndiye aliyepanga ndoo. Mkimkata wote sawa, mnamtoza aliyeumia ili alipie bima ya asiyeumia. Hoteli na nyumba kubwa zikatwe zaidi, mwenye matumizi madogo asiguswe kabisa. Bila ya hilo sitii saini.

Mtoa mada, Kwahani

Nakubali. Nilisema "tukatwe" kwa haraka, nikamsahau mama yangu mwenyewe, ambaye hakuwahi kununua umeme wa zaidi ya siku tatu. Mpemba, nawe una haki yako, orodha iwe moja.

Nisilolikubali ni kusubiri waya mwingine kwanza. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu milioni 1.3, ya 2022 ikatukuta 1,889,773. Zaidi ya nusu milioni wameongezeka, na wote wanakunywa. Tukizimika miezi mitatu leo, foleni ile ya saa tisa usiku haitatosha mtaani. Na kipindupindu tunakijua, kinapenda pahala penye watu wengi na maji ya kubahatisha. Waya huchukua miaka kupangwa na kulazwa. Visima vinaweza kuanza kimoja kimoja, leo hii.

Kesho baada ya laasiri nakwenda kwa sheha wetu. Nitamuuliza kisima kinacholisha Kwahani kina umeme wa akiba au hakina, na kama kinao, nani ana ufunguo.

Fundi wa Laini

Muulize na ujazo wa tangi, na mtaa una watu wangapi. Gawa mwenyewe kwa lita 20 za kila mtu kwa siku, uone yanafika siku ngapi. Ukishapata jibu lilete hapa, nitakupigia hesabu ya mota na paneli bure.

Muuguzi wa Shamba

Ukienda, mwambie akuwashie uone. Usikubali kuonyeshwa banda.