Je, tunaweza kuishi chomboni, mke na mume, tukizunguka visiwa kwa tanga?

Maalim wa Wete:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu na mwakani, inshallah, ninastaafu. Watoto wetu wameshaoa na kuolewa, na nyumbani tumebaki wawili. Wiki iliyopita, tulipokuwa tunarudi Pemba kutoka kisiwa cha Misali, tulikipita chombo cha wageni, mke na mume, waliokuwa wametia nanga upande uliokingwa na upepo. Mume alikuwa anashona tanga, mke anakaanga samaki, nao wakatukaribisha chai. Walitueleza kwamba huu ni mwaka wa nne wanaishi baharini, kwamba wametoka Shelisheli, na kwamba wanasubiri kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ishike ndipo washuke Mafia. Tangu siku hiyo mke wangu hana mazungumzo mengine, na mimi nimeanza kuulizia bei ya mashua ya futi 30. Tanga nilifundishwa na marehemu baba katika ngalawa, lakini safari zetu zilikuwa kati ya Wete na kisiwa jirani cha Fundo tu. Naomba wenye uzoefu mtuambie: raha tuliyoiona ndiyo maisha yenyewe, au tumeona siku moja njema?

Nahodha Mstaafu, Mkokotoni:

Wa alaykum salaam Maalim. Raha hiyo ipo, nami nimeionja, lakini zingatia neno ulilolitaja mwenyewe bila kulitilia maanani: wageni wako walikuwa wanasubiri. Anayesafiri kwa tanga katika pwani yetu haendi anakotaka siku anayotaka. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi hukusukuma kwenda Mafia na Kilwa. Masika yakiingia kusi, upepo wa kutoka kusini, hushika, na hapo njia nyepesi ni ya Lamu. Mkondo wa bahari kuu hapa kwetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huongezeka nguvu, kwa hiyo anayetaka kwenda kusini mwezi wa Julai atakuwa anabisha dhidi ya upepo na maji kwa pamoja, na jioni atajikuta bado anautazama mnazi ule ule aliouacha asubuhi. Kusi ikipungua, katika majira ya demani, bahari inakuwa ya watu wazima kama ninyi, wasio na haraka.

Usiudharau mlango kati ya Nungwi na Pemba. Ni kama kilomita 50 tu kisiwa kwa kisiwa, lakini mkondo wa Nungwi ndio uliokuwa njia ya Spice Islander, meli ya chuma yenye injini, iliyozama Septemba 2011 ikiwa imejaza abiria kupita kiasi. Vuka asubuhi, chombo kikiwa chepesi, baada ya kusikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, na ukiwa na siku mbili za ziada mkononi ili usivuke kwa kulazimishwa na miadi.

Jambo jingine ni maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti yake hukaribia mita 4, na kwa Unguja hujaa kwenye saa kumi na kupwa kwenye saa nne. Ukitia nanga saa kumi jioni mahali penye mita 4 ukaenda kulala, saa nne usiku chombo kimepwelewa juu ya matumbawe. Pima kwa maji ya kupwa, kisha toa kamba kwa hesabu ya maji ya kujaa: penye mita 3 wakati wa kupwa patakuwa na 7, na kamba mara tano ya hapo ni mita 35. Nanga iangukie mchanga; ukiiangusha juu ya matumbawe unayavunja, na huenda usiipate tena.

Mama Tumbatu:

Maalim, mimi na mume wangu tuliishi chomboni mwaka mmoja na nusu, na miezi ile ninaikumbuka kwa mapenzi makubwa. Hata sala ilikuwa na utamu wake: kibla chetu ni kaskazini, lakini chombo kikiwa nangani huzunguka na maji, basi kila wakati wa sala tulitoka kwanza kutazama tumeelekea wapi.

Ninalokuomba ni moja. Mkeo asiwe abiria. Tulipokuwa tunakaribia Mafia foromali, mti unaobeba tanga, ilimpiga mume wangu begani, mkono ukawa hauinuki, na nikawa mimi wa kushika usukani na kulegeza demani, yaani kamba ya tanga, hadi tukaingia Chole. Niliweza kwa sababu alikuwa amenifundisha tangu siku ya kwanza, na kila siku tulipokezana zamu. Kama angekuwa amenifanya mpishi tu, sijui leo ningekuwa ninaandika nini hapa.

Fundi wa Nungwi:

Nitasema kuhusu mashua. Usinunue iliyopakwa rangi mpya kabla hujaiona ikiwa imepandishwa pwani. Choma kisu kwenye mkuku, uti wa chini wa chombo, na kwenye mataruma, mbavu zake. Kikizama kwa urahisi, ondoka. Angalia kalafati, pamba inayoziba nafasi kati ya mbao, mshono kwa mshono. Na mjue kwamba mtaipandisha mara kwa mara siku za bamvua, kuikwangua na kuipaka upya chini, kwani wadudu wanaotoboa mbao hawapumziki. Ukishainunua, ulizia usajili katika Mamlaka ya Usafiri Baharini kabla ya kutoka.

Maalim wa Wete:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimemsomea mke wangu, naye amesikiliza maneno ya Mama Tumbatu mara mbili. Tumekubaliana kwamba kaskazi hii hatununui kitu: tutaazima mashua ya shemeji, tutembee upande wa magharibi wa Pemba, kutoka Wete hadi Mkoani, penye hori, ghuba ndogo, nyingi za kujificha, na yeye ndiye atakayeshika usukani. Misali hakuna maji ya kunywa. Je, kwa siku kumi tuchukue madumu mangapi?

Mama Tumbatu:

Kwa kunywa na kupika, lita tano kwa kila mtu kwa siku. Hayo ni madumu matano ya lita 20. Chukueni saba, na myafunge katikati ya chombo, chini kabisa. Vyombo osheni kwa maji ya bahari.