Naomba ushauri: lenzi ya 100 ya hadubini inaonyesha ukungu mtupu

Wakuu habari za kazi. Nipo maabara ya zahanati moja huku Tanga. Hadubini yetu kwa lenzi ya 10 na ya 40 inaonyesha safi kabisa, ila nikiweka tone la mafuta na kuleta ya 100 nisome slaidi ya malaria, chembe nyekundu zinakuwa kama zimemwagiwa maziwa. Nimebadilisha slaidi tatu, rangi ya Giemsa ya kutia kwenye slaidi ni mpya, hali ileile. Nimefuta kwa karatasi ya lenzi na spiriti kidogo, wapi! Mwenzangu anasema tutumie zailini, ile kemikali ya kuyeyusha mafuta. Mimi naogopa gundi inayoshika kioo isije ikaachia. Au ni fangasi ndani, maana unyevu wa pwani mnaujua? Nitatofautishaje fangasi na mafuta yaliyoganda bila kuifungua lenzi?