Nataka kumpeleka mbwa wangu haikingi (matembezi marefu) msituni kwa mara ya kwanza, nijipange vipi?

njiapanda77

Wakuu habari zenu, nina swali kwa wale mnaotembea porini na mbwa. Nina jike wa miaka miwili na nusu, chotara, ana kama kilo 24 hivi, mzima wa afya na mchangamfu sana. Kila asubuhi tunatembea kama saa zima lakini ni barabara ya kawaida tu. Sasa kuna hifadhi ya msitu ambayo mbwa wanaruhusiwa, njia fupi ni kilomita 6 na ndefu ni 14, na nusu ya hiyo ndefu ni kupanda tu. Mimi mwenyewe nimeipita mara mbili bila yeye na mara zote nilikuwa namuwaza, zile harufu zote za msituni angezifurahia sana.

Kinachonisumbua, kwanza akimuona kindi anasahau hata jina lake. Halafu kupe, nimesikia mengi mpaka naogopa. Na maji, nibebe kiasi gani au anywe tu kwenye vijito? Nikianza naye moja kwa moja na ile ya 14 ataweza? Maana naona huyu hachoki kabisa. Naombeni mawazo ya mtu aliyeyapitia.

mama_wa_bobi

Ndugu yangu, hilo neno "hachoki" ndilo lililoniponza mimi. Mbwa akikupenda hatakwambia amechoka, atakufuata tu mpaka miguu imuishie. Wangu alikuwa na miaka mitano, nguvu zote anazo, nikampeleka njia ndefu siku yenye mawingu nikijua msitu una kivuli basi hakuna shida. Kama saa mbili na nusu hivi za safari akalala katikati ya njia, nikadhani anapumzika, kumbe anatweta vile vya kutisha, fizi nyekundu sana, udenda mzito unavutika kama uzi, na alipojaribu kusimama akawa anayumba. Nililia pale pale.

Baadaye ndo nikaelewa. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, ni kidogo tu kwenye nyayo, joto karibu lote analitoa kwa kutweta. Sasa kwenye msitu wenye unyevunyevu mwingi ile hewa yenyewe tayari imejaa maji, anatweta na joto halitoki vizuri. Kivuli kinakudanganya. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38 na nusu hivi, likishapita 41 hapo ni hatari ya kufa, viungo vya ndani vinaanza kuharibika.

Kilichomuokoa ni kijito kilichokuwa karibu. Tulimmwagia maji mwili mzima, tumboni, kwapani, kote, mwenzangu akawa anampepea na koti, tukaendelea hivyo mpaka kutweta kukapungua ndipo tukambeba kushuka kwenda kwa daktari wa mifugo. Nasisitiza hapo, mpoze KWANZA ndo umsafirishe, msikimbilie gari huku mbwa anaungua ndani. Na msimfunike taulo la maji mkaliacha juu yake, likishapata joto linakuwa kama blanketi.

Kwa hiyo kwako ni ile ya 6, na muanze alfajiri. Mtazame yeye, sio saa. Akianza kubaki nyuma wakati kawaida yake ni kuwa mbele, au akitafuta kivuli alale, geuzeni hapo hapo hata kama mmebakiza kidogo kufika juu. Na wenye mbwa wa pua fupi zile za kubonyea wawe makini mara mbili, wale kutweta kwenyewe ni shida. Watoto wa mbwa nao msiwapeleke mbali, mifupa yao bado inakua, mbwa mkubwa anaweza kufika hata mwaka mmoja na nusu bado hajamaliza.

MtuWaMilima

Mama wa Bobi kamaliza upande wa joto, mimi niongelee kamba. Mkuu, mbwa anayesahau jina akiona kindi hafunguliwi msituni, hapo hakuna mjadala. Chukua hanesi, ule mkanda wa kuvalisha mwilini unaokaa kifuani, sio ya kumkaba shingo, na kamba ya kawaida ya kama mita mbili. Zile za kujikunja zenye kiboksi cha mkononi ziache nyumbani, kile kiuzi kinazunguka miti, kinazunguka miguu yako, na akivuta ghafla kinakata ngozi. Hifadhi za taifa za Marekani kanuni yao ni kamba isizidi futi 6, yaani chini kidogo ya hiyo mita mbili, na nikiwa kwenye njia nyembamba naona kabisa kwa nini walichagua urefu huo. Kabla ya kwenda soma masharti ya hiyo hifadhi yenu, kuna sehemu mbwa anaruhusiwa njia hii na ile nyingine hapana.

kijani_tupu

Mi wangu namwachia huru miaka minne sasa na hajawahi kumuumiza mnyama yeyote. Mbwa akifungwa kamba anakuwa na hasira zaidi, tusitishane.

MtuWaMilima

@kijani_tupu nakuelewa, na inawezekana wako anarudi ukimwita. Lakini wewe unaona kile anachokishika tu, hauoni anachokifukuza. Kuna ndege wanaotagia chini kwenye majani, mbwa akipita tu mama anaruka na mayai yanapoa. Halafu kuna magonjwa. Mwaka 1994 kule Serengeti ugonjwa wa distempa, wa virusi vinavyoshambulia mbwa, uliua karibu theluthi moja ya simba wa pale, na watafiti walivihusisha virusi hivyo na mbwa wa kufugwa wa maeneo ya jirani. Simba wale! Mimi niliposoma hiyo habari ndo nikaacha kulalamika kwamba hifadhi nyingi za wanyama zinakataza mbwa.

Kwa hiyo njiapanda, chanjo kwanza: distempa, parvo (virusi vya kuharisha na kutapika), kichaa cha mbwa, na uulize na ya leptospira, bakteria wanaoambukiza kupitia mkojo wa wanyama. Na kinyesi unazoa na kuondoka nacho, usifunge mfuko ukauning'iniza mtini eti utauchukua ukirudi. Mayai ya minyoo ya mbwa yanaweza kukaa udongoni miezi na miezi yakiwa bado hai.

Mkikutana na watu njiani sogea pembeni, mkalishe, wapite. Kuna watu wanaogopa mbwa kweli kweli na njia ni yao pia.

daktari_mstaafu_wa_ngombe

Nijibu la kupe na maji. Kupe haruki, na kwa kawaida hakudondokei kutoka mtini. Anapanda kwenye ncha ya jani au nyasi, ananyoosha miguu ya mbele anasubiri chochote kitakachopita akinyakue. Kwa hiyo ukitembea naye katikati ya njia umeshapunguza nusu ya tatizo. Dawa ya kuzuia kupe mpe kabla ya safari, sio asubuhi ile ile, nyingine zinachukua muda kufanya kazi. Angalizo kubwa, kama una paka nyumbani soma lebo, dawa za mbwa zenye permetrini, ile sumu ya kuua wadudu, zinaua paka.

Mkirudi mpapase mwili mzima kwa vidole, taratibu. Ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, kwapani, kinenani, chini ya mkia, na katikati ya vidole ambako wengi wanasahau. Ukimkuta kupe tumia kibano chembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta wima bila kumminya tumbo. USIMPAKE MAFUTA, usimpake mafuta ya taa, usimchome na moto. Unamkera tu na anaweza kutapika ndani ya mbwa wako vile vimelea alivyobeba. Wiki chache baada ya hapo kaa macho, akipata homa, akikataa chakula, fizi zikipauka au mkojo ukageuka rangi kama chai nzito, usisubiri kesho.

Maji sasa. Mbwa wa kilo 24 akiwa amekaa tu nyumbani anahitaji kama lita moja na robo kwa siku. Kwa njia yenye kupanda mimi ningebeba lita mbili za kwake peke yake, na bakuli la kukunja, na nimpe kidogo kidogo kila baada ya dakika 20 hivi. Vijito vinavyotiririka ni nafuu lakini sio dhamana, madimbwi yaliyotuama usimruhusu kabisa, leptospira inapita kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine na maji yaliyosimama ndiyo makazi yake. Asishibe sana kabla ya kuanza. Na kama wewe unabeba zabibu kavu au chokoleti za njiani, usimgawie, zabibu zinaweza kuua figo zake.

njiapanda77

Wakuu nimerudi baada ya wiki tatu, asanteni sana kutoka moyoni. Chanjo ya leptospira hakuwa nayo, nikampeleka kwanza ndo maana nimechelewa. Jana tukaenda ile ya 6, tulianza kukiwa bado na giza giza. Jamani alivyokuwa na furaha! Kila jani ananusa, mkia hautulii, na kindi walikuwepo wanne niliowaona mimi na kamba ilishika. Kilomita ya nne akaanza kukaa nyuma yangu, nikakumbuka maneno ya mama wa Bobi, tukakaa chini dakika 15 akanywa, akawa sawa tukamalizia polepole. Kupe nimetoa wawili, mmoja alikuwa katikati ya vidole kama mzee alivyosema.

Ya 14 nimeiweka pembeni kwanza. Ila kuna kadaraja ka mbao kenye nafasi kati ya mbao, maji yanaonekana chini, amegoma kabisa kuvuka ikabidi nimbebe. Hilo mnalifundishaje?

mama_wa_bobi

Nimefurahi mpaka nimemsomea mume wangu. La daraja usimvute, atalichukia zaidi. Nyumbani lalisha ngazi ya mbao chini kwenye nyasi, weka vipande vya nyama kati ya vipandio, mwache apite kwa muda wake, siku ya kwanza hata miguu miwili tu inatosha. Wangu ilimchukua siku tisa.