Mrejesho: Mama mwajiriwa aliyekosa muda wa kujitunza

Miezi mitatu iliyopita niliwaomba ushauri wa namna ambavyo mama wa watoto wawili, anayefanya kazi kutwa nzima, angeweza kupata nafasi ya mazoezi na mapumziko. Leo ninawaletea mrejesho.

Pendekezo la kuamka saa kumi alfajiri lilinishinda baada ya siku tisa, kwa kuwa nilikuwa ninaiba usingizi ili kulipia mazoezi, ilhali mtu mzima anahitaji kulala kwa muda wa saa saba au zaidi. Kilichonifaa ni maelezo ya mmoja wenu kwamba miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020, inayopendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, haidai tena kila kipindi kifikie dakika 10. Tangu hapo ninashuka kituo kimoja kabla ya kazini na kumalizia kwa mwendo wa haraka, ninapanda ngazi, na jioni mbili kwa wiki ninaimarisha misuli sebuleni huku watoto wakinihesabia, tena kwa kunipunja.

Gumu zaidi lilikuwa kumweleza mume wangu waziwazi kwamba nimechoka, kwani nilikuwa nimengoja miaka atambue mwenyewe. Sasa Jumanne na Alhamisi yeye ndiye anayewalaza watoto. Vilevile nimepima shinikizo la damu, jambo nililoliahirisha mara kadhaa, na limeonekana kuwa la kawaida.

Dakika 150 bado sijazifikia. Wiki iliyopita niliishia 110.