Tiketi ya "Dar Usiku": nimelipia kuona mji, nimeoneshwa kioo cha basi

Wakuu salaam, ila leo sina salamu ndefu.

Mama mdogo yuko mjini kutoka Songea, nikaona nimpeleke ile ziara ya usiku inayotangazwa kila kona. Elfu arobaini na tano kwa kichwa. Tangazo linasema Sanamu ya Askari, makanisa ya zamani, Daraja la Tanzanite "na picha", chakula ndani yake. Kampuni siitaji, walioipanda watajua tu.

Kuondoka ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Tumeondoka saa mbili kasoro, dereva alikuwa anasubiri viti vijae! Mama mdogo akaniambia, "Mwanangu, hii si daladala tu yenye kiyoyozi?"

Sasa njooni Mtaa wa Samora, ilipo Sanamu ya Askari. Mama mdogo alichotaka kuliko vyote ni kushuka pale kwa Askari ayasome yale maandishi ya kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita ya Kwanza ya Dunia, maana babu yake alibebeshwa mizigo ya jeshi kwenye vita hiyo na kaburi lake hawalijui mpaka leo. Basi likazunguka kipilefti bila kusimama. Eti "hatuna kibali cha kuegesha." Kibali si mngekitafuta kabla ya kuchukua hela zetu?

Halafu kijana mwenye maiki anatangaza kwamba sanamu ile ilijengwa na Wajerumani. Jamani! Wajerumani walimweka pale gavana wao, Wissmann. Waingereza walipouteka mji 1916 wakamng'oa, na huyu askari wa shaba aliyeelekeza singe bandarini wakamsimamisha wao, 1927. Nikamsahihisha kwa upole. Jibu lake: "Bro, tuendelee kuenjoy." Tulipofika Kivukoni akaonesha Azania Front, kanisa la Walutheri lenye vigae vyekundu, akaliita St. Joseph, ambalo ni la Wakatoliki. Wakatoliki na Walutheri wote walikuwemo ndani ya basi, hebu fikirieni wenyewe kelele zake.

Darajani ndiyo kabisa. Daraja lile tangu lifunguliwe 2022 lina njia ya watembea kwa miguu, ungetushusha upande wa Aga Khan ukatusubiri upande wa Coco Beach, daraja lenyewe ni kilomita moja na ushee tu, hata mama mdogo angetembea na upepo wake. Wapi! Tumepita mbio, simu zote zimepiga picha ya taa zilizovutwa kama uzi na sura zetu kwenye kioo. Chakula? Chipsi zilizolala na soda ya moto.

Nimeomba nirudishiwe hata nusu, wanasema tiketi ikishatumika imetumika, kisha wakaniblock.

Hela nitaifuatilia, hiyo niachieni mimi. Ninachoomba kwenu: kuna anayemfahamu mtembezaji wa miguu, anayeijua historia ya Posta na Kivukoni, anayetembeza jioni? Aweke bei hapa hapa. Mama mdogo anapanda basi la Songea Jumapili alfajiri, na Askari bado hajamsoma.