Je, mbegu ya fahali huhitaji muda ndani ya ng'ombe kabla ya kurutubisha yai?

Mhimilishaji wa Hai:
Habari za jioni, ndugu zangu. Huu ni mwaka wangu wa pili katika kazi ya kuhimilisha ng'ombe wa maziwa, yaani kuwapandikizia mbegu bila fahali. Mafunzoni tulielekezwa kwamba ng'ombe aliyeonekana na joto (dalili za kutaka dume) asubuhi ahimilishwe jioni, na wa jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi, lakini sababu haikufafanuliwa. Juzi mwenzangu alinieleza kwamba hata mbegu inayoogelea vizuri chini ya hadubini haiwezi kurutubisha yai mpaka "iive" ndani ya jike. Je, ni kweli? Na iliyogandishwa nayo huiva vivyo hivyo?

Daktari wa Mifugo:
Ndugu, mwenzako amesema kweli, ingawa neno "kuiva" ningelitunza kwa hatua ya awali, yaani ile ya mbegu kupita katika epididimisi, mrija ulio kando ya korodani. Unayoiulizia huitwa kapasitesheni. Iligunduliwa mwaka 1951 na M. C. Chang huko Marekani na C. R. Austin huko Australia, kila mmoja kivyake, walipoona kwamba mbegu hurutubisha mayai pale tu zinapokuwa zimekwisha kukaa kwa saa kadhaa ndani ya njia ya uzazi ya jike.

Mbegu inapotoka kwa fahali huwa imevikwa protini za majimaji ya shahawa, na utando wake una kolesteroli nyingi inayoutuliza. Ndani ya jike protini hizo huondoka, na albumini, aina ya protini, huivuta kolesteroli, hivyo utando hulegea. Baikaboneti nayo huingia na kuamsha kimeng'enya kinachotengeneza AMP ya mzunguko, kemikali ya kupitisha ishara ndani ya seli, ambayo huwasha kimeng'enya kingine, na kutokana na hapo protini nyingi za mbegu hubandikwa fosfeti. Ndani ya mbegu asidi hupungua, na milango ya kalsiamu iliyoko mkiani hufunguka. Hapo ndipo mbegu inapoweza kujinasua kutoka kwenye kuta za mrija wa uzazi, na kifuko cha vimeng'enya kilichoko kichwani, yaani akrosomu, huwa tayari kupasuka inapolifikia yai.

Fundi wa Maabara:
Naongezea nilichokiona kwa macho yangu. Kwa mbegu za fahali sisi hutumia heparini, ile kemikali inayojulikana kwa kuzuia damu kuganda, kwa kuwa katika mrija wa uzazi wa ng'ombe kuna kemikali zinazofanana nayo. Mwanzoni mbegu huenda mbele moja kwa moja, mkia ukipiga kwa upole. Baada ya saa kadhaa katika nyuzi joto 38, baadhi yake huanza kuchapa mkia kwa nguvu kama mjeledi, kichwa kikitupwa huku na huko, na hazisongi mbele sana. Mgeni angedhani zimeharibika, kumbe ndizo zilizo tayari.

Kuhusu mbegu zilizogandishwa, baridi huuvuruga utando na kuruhusu kalsiamu kuingia, kwa hiyo nyingi hutoka kwenye mrija wa plastiki zikiwa zimeshaanza mabadiliko yanayofanana na kapasitesheni. Mbegu iliyofika hatua hiyo haiishi muda mrefu, maana ni kama embe lililoiva: halingoji.

Mhimilishaji wa Hai:
Nawashukuru sana. Kwa hiyo nikihimilisha mara tu joto linapoanza, mbegu zinaweza kufa kabla yai halijashuka?

Daktari wa Mifugo:
Ndivyo hasa. Kwa kawaida yai hutoka saa 24 hadi 30 hivi tangu joto lianze, ilhali mbegu iliyoyeyushwa hudumu na uwezo wake kwa muda mfupi kuliko mbegu mbichi. Ukichelewa mno nako, yai litazeeka wakati mbegu bado zinajiandaa. Kwa hiyo mfugaji anapokupigia simu, usimuulize tu kama ng'ombe ana joto. Muulize ni saa ngapi alimwona kwa mara ya kwanza akisimama akipandwa na wenzake, na kama hakuwepo, ni nani aliyekuwa zizini alfajiri.