Tupeane uzoefu: Waliokulia nyumba zenye muziki Lubumbashi, mlifikaje kupiga na marafiki?

Kidole Gumba, Kamalondo

Jambo wote. Juzi nilisikia vijana wakibishana nani kazaliwa na kipaji na nani hana, nikacheka peke yangu. Mimi nimezaliwa Kamalondo. Papa alikuwa mtu wa migodi mchana na mtu wa gita jioni, na hicho kipaji sikukiona nyumbani. Nilichoona ni gita limetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda cha wazazi, na sheria moja tu: ukishakula bukari, yaani ugali, huligusi mpaka unawe kwa sabuni, maana mafuta yanaua kamba. Yeye mwenyewe kabla ya kulirudisha ukutani alipitisha pindo la shati chini ya kila kamba, moja moja, kuanzia nene hadi nyembamba.

Alipiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, namna ya akina Mwenda Jean-Bosco, yule mpiga gita maarufu wa Katanga. Gumba linatembeza besi, shahada inaimba juu yake, na ukisikiliza ukiwa nje ya mlango utaapa wako watu wawili. Kunifundisha? Hata siku moja. Aliketi, akaigeuza shingo ya gita upande wangu, akasema: "Angaria minwe, usiangarie kinywa," yaani tazama vidole, si mdomo. Nikimuuliza hii inaitwaje, aliipiga tena, polepole kidogo. Jibu lilikuwa hilo.

Shida ilianza nilipopata marafiki. Nina miaka kumi na minne, tuko wanne nyuma ya lupango, yaani ua, ya jirani, mwenzangu ananiuliza, "Uko kwenye akodi gani?" Yaani zile noti zinazopigwa pamoja zinaitwaje. Sikujua! Nilikuwa na nyimbo kama ishirini mikononi na sijui jina la akodi hata moja. Rafiki mwingine alitoka kwaya, do-re-mi yote anayo, ila bila kuandikiwa haanzi. Wiki mbili tulizimaliza kwa kugombana. Kisha tukapata njia: mimi nashika kamba, yeye anaiimba ile noti hadi anaijua jina lake, halafu anaiandika ukutani kwa makala, yaani makaa. Ukuta ulijaa. Mwenye lupango alipouona akatufukuza, na hakukosea, ukuta ulikuwa umepakwa chokaa mwezi uleule.

Sasa leteni za kwenu. Nyumbani mlipewa nini, na marafiki wakawapa nini ambacho nyumbani hakikuwepo?

Alto wa Katuba

Ndugu Kidole, kwetu ilikuwa kinyume. Sisi ni Wametodisti, papa kiongozi wa kwaya, watoto saba. Kila kitu kilikuwa na jina. Alipopaka ukuta wa sebule rangi nyeusi mama alifurahi akidhani ni wa masomo ya shule. Kumbe ni wa solfa: d, r, m, nukta mbili kati ya pigo na pigo, kistari pale sauti inapoendelea. Tulijua kusoma hivyo kabla ya kusoma barua.

Mimi nilikuwa soprano, sauti ya juu. Yaya, dada yangu mkubwa, akaolewa, na alto, sauti ya chini yake, ikabaki haina mtu. Nina miaka kumi na mmoja. Papa hakuniuliza, alibeba kiti changu akakihamisha upande ule mwingine, basi, nikawa alto hadi leo. Asiyeimba alto hajui ilivyo. Wimbo wenyewe hupewi. Unapewa noti tatu nne, unazizunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, wakati wengine wanatembea.

Nikaenda sekondari. Wasichana tunarudi kwa miguu, mmoja anaanzisha wimbo wa kanisani tunaoujua sote, nami naingia kwa nguvu. Wananyamaza. "Wewe unaimba nini?" Nilikuwa naimba alto, na bila wenzangu wa nyumbani ilisikika kama wimbo uliopotea njia. Walicheka hadi wakakaa chini. Na ukweli ni kwamba wimbo ule niliujua nikiwa alto tayari, sauti yake ya juu nilikuwa sijawahi kuiimba maishani, niliisikia tu ikipita karibu yangu. Rafiki mmoja alinifundisha pale pale, barabarani, mstari kwa mstari, mimi mtoto wa kiongozi wa kwaya.

Kisha yeye akaniomba nimfundishe alto. Tukawa watatu, tunaimba kwenye harusi. Wa tatu hajui solfa hata herufi moja, anabuni tu sauti yake, na mara nyingi yake ndiyo inayoshangiliwa. Papa alikuwa anamwita "yule wa fujo". Alimpenda.

Fundi Bati, Kenya

Sisi wa Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, si ile nchi, hatukuwa na ukuta wa kuandika wala gita la msumari. Yaya zangu watatu, wakubwa zangu, walipiga chochote, hata sahani. Mama alikuwa anahesabu vijiko kila jioni.

Ngoma: bidoni, yaani dumu, la mafuta, juu plastiki ngumu, imefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Plastiki uivute jua likiwa kali, ikipoa inajikaza yenyewe. Gita: bati la mafuta ya kupikia, shingo ya ubao, kamba za waya wa breki. Waya ule ni nyuzi nyembamba nyingi zimesokotwa pamoja. Unaufumua kwa koleo, polepole, ukiharakisha unachana ukucha, mimi alama ninayo hadi leo kidole cha kati. Uzi mmoja kwa sauti ya juu. Kwa besi unaacha nyuzi tatu zikiwa bado zimesokotana.

Mara ya kwanza kuitwa mahali tuliitwa kwenye kilio, yaani matanga, usiku wa pili. Tulipewa chai na mkate, na saa nane za usiku bukari. Watu wanasema kilio si mahali pa kujifunzia. Wapi kwingine utapiga kuanzia jioni hadi alfajiri na hakuna anayekwambia nyamaza?

Mtoto wa Saksofoni

Nasoma nyote mnacheka. Mimi niseme ya upande mwingine.

Papa alipiga saksofoni kwenye orkestra ya baa. Watu walikuwa wakinisimamisha njiani, "We ni mtoto wa fulani!" Nyumbani tulikuwa tunaishi kwa bitumbula, yaani maandazi, za mama. Saksofoni haikuwa yake. Gita hazikuwa za wapigaji, ngoma hazikuwa za mpiga ngoma. Vyombo vilikuwa na mwenye vyombo, na mwenye vyombo ndiye orkestra. Siku mbili kabla ya Mwaka Mpya, wakati wa pesa nyingi kuliko wote, walikosana juu ya malipo. Yule bwana akaja na kamioneti, akapakia kila kitu. Papa alirudi nyumbani na kile kimti chembamba cha mdomoni mfukoni, kwa sababu hicho tu alikinunua mwenyewe.

Nilikaa miaka bila kutaka kusikia muziki. Walionirudisha ni vijana wa mtaani Kampemba waliokuwa wakichangishana kununua kinanda cha mitumba. Niliwaambia nitaingia kwa sharti moja: tuandike kwenye daftari nani katoa kiasi gani, na atakayetoka arudishiwe chake. Walidhani nina ubahili. Hadi leo daftari ninalo mimi, na sauti yangu ni mbaya, lakini wakati wa repetisyo, yaani mazoezi, hawaanzi bila mimi.

Muzee wa Makomeno

Wanangu, nimesoma yote. Mtoto wa Saksofoni, pole, na umefanya vizuri kushika daftari. Hata Mwenda hakuishi kwa gita peke yake. Alikuwa pia na kazi ya karani.

Niongeze kidogo, maana Desemba 2021 UNESCO ilipoingiza rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kila mtu alitaja Kinshasa na Brazzaville. Sawa, ni haki yao. Ila huku kwetu kulikuwa na gita lingine, linaloimba Kiswahili. Hugh Tracey, yule mtafiti aliyerekodi muziki wa Afrika, alimrekodi Mwenda akipiga wimbo wa Masanga mwaka 1952 pale Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na mwaka 1969 Mwenda huyo huyo alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Edouard Masengo, mpiga gita mwingine, alikuwa ndugu yake. Tazameni basi, ndugu na ndugu, jambo la nyumbani.

Papa yangu utotoni aliimba kwenye kwaya ya Msalaba wa Shaba, hapa mjini wakati unaitwa Elisabethville. Jina linatokana na ile misalaba ya shaba ambayo zamani Katanga ilikuwa pesa. Joseph Kiwele aliyetunga Missa Katanga alitoka mazingira hayo hayo. Asubuhi papa ni Kilatini, kola nyeupe, mikono nyuma. Jioni wenzake wawili wanakuja na gita, na wimbo ni wa mwanamke aliyekula pesa ya mtu. Sauti ni ileile! Mama alisema aliweza kumtambua mumewe kanisani kwa kuwa mguu wake wa kulia ulikuwa hautulii.

Alto, umenikumbusha jambo. Aliyeimba na papa usiku hakuwahi kuingia kwaya, walimkataa. Sauti yake ilikuwa kama ya Fundi Bati anavyoeleza waya: nyuzi tatu hazijafumuliwa.

Fundi Bati, Kenya

Muzee, hiyo naiba. Orkestra yetu ijayo itaitwa Nyuzi Tatu.

Alto wa Katuba

Kidole, hukumaliza. Mlipofukuzwa kwa ule ukuta mlienda wapi? Na papa yako aliwahi kuwasikia?

Kidole Gumba, Kamalondo

Tulihamia kwetu, chini ya mwembe, kwa sababu palikuwa hapana ukuta wa kuharibu. Papa alikuwa ndani. Kila repetisyo yuko ndani, dirisha wazi, hatoki, hakohoi, hasemi. Miezi mitatu hivyo. Mimi nilikuwa nasubiri aseme chochote, hata kibaya. Nilikuwa nimemwiga gumba lake lote, nikaanza kuchanganya na akodi ambazo yule wa kwaya alinipa majina, kwa hiyo niliogopa ataona nimeharibu.

Jumamosi moja tuko katikati ya wimbo, mdogo wangu anatoka mbio, amejaa bukari mdomoni, anasimama mbele yangu. Ananiambia: "Papa anasema kamba ya pili sauti iko chini."

Alto wa Katuba

Na ilikuwa chini?

Kidole Gumba, Kamalondo

Ilikuwa chini.